"Kanisa limesema": ni nani hasa aliyesema?

Jumapili ya tarehe 20 Agosti 2023, waamini katika makanisa Katoliki ya Tanzania walisomewa tamko la maaskofu wao kuhusu makubaliano ya Tanzania na Dubai juu ya uendeshaji wa bandari. Tamko hilo lilikuwa limetolewa siku mbili kabla, likiwa na saini za maaskofu, na halikuzungukazunguka: maaskofu hawakuridhia makubaliano yale. Kabla siku haijaisha, maneno mawili yalikuwa yameenea nchi nzima, "Kanisa limekataa", na nyuma yake yakaja maswali ambayo mpaka leo huzuka kila maaskofu wanapozungumzia mambo ya nchi. Je, Papa ndiye aliyeagiza? Mkatoliki aliyeunga mkono makubaliano hayo ametenda dhambi? Padre akisema jambo la namna hiyo mimbarini, uzito wake ni uleule? Na je, huku si kuchanganya dini na siasa?

Maswali haya ni ya haki, na wanaoyauliza si wasio Wakatoliki peke yao. Nimewasikia wanajumuiya waliobatizwa miaka hamsini iliyopita wakibishana juu yake bila kufika popote. Naamini chanzo cha ubishi ni neno moja, "Kanisa", ambalo tunalitumia kana kwamba lina mdomo mmoja.

Katika lugha ya kawaida neno hilo lina maana tatu. Kuna kanisa jengo, ambalo halina shida. Kuna Kanisa kwa maana ya wabatizwa wote, kuanzia mama anayeuza mchicha sokoni hadi Baba Mtakatifu. Na kuna Kanisa kwa maana ya uongozi: mapadre, maaskofu, Papa. Mtu anaposema "Kanisa limesema" kwa kawaida anakusudia maana ya tatu, lakini anayemsikiliza huelewa maana ya pili, yaani Wakatoliki wote wamesema. Hapo hapo mkanganyiko huanza, kwa sababu hata ndani ya maana ya tatu sauti ni nyingi, na kila moja ina mipaka yake.

Tuanze na aliye karibu, yaani padre. Paroko anaongoza parokia kwa niaba ya askofu wake, na mahubiri yake katika Misa yamekusudiwa kufafanua Neno la Mungu na kulihusisha na maisha ya watu. Akifundisha kwamba rushwa ni dhambi, anafundisha imani ya Kanisa zima. Akiongeza kwamba diwani fulani asichaguliwe tena, hapo ametoka kwenye imani na kuingia kwenye maoni yake, hata kama amevaa kasula, vazi la juu la Misa, na kipaza sauti ni kilekile. Vipande vingi vya video vinavyosambaa mtandaoni vikiwa na maneno "Kanisa Katoliki lamvaa fulani" ni padre mmoja, katika parokia moja, Jumapili moja. Huenda amesema kweli tupu. Lakini aliyesema ni yeye.

Askofu ni jambo jingine kabisa. Katika jimbo lake yeye ndiye mchungaji, mwalimu na mtunga sheria, na hawajibiki kwa askofu mwenzake bali kwa Papa moja kwa moja. Anaweza kutoa amri, na amri hiyo ikalazimu. Mfano mzuri ni wa Kenya, Novemba 2024. Tarehe 14 mwezi huo maaskofu Katoliki wa nchi hiyo, kupitia baraza lao, KCCB, walitoa taarifa ya pamoja yenye maneno makali kuhusu uongozi wa nchi. Siku tatu baadaye, Jumapili, Rais William Ruto alihudhuria Misa katika kanisa la Soweto jijini Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la wamisionari la parokia, na shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadre, akaahidi shilingi milioni 3 nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba fedha zile zirudishwe na ahadi zile zikataliwe, pamoja na shilingi 200,000 zilizotolewa na gavana wa jiji.

Wengi waliyasoma matukio hayo mawili kama jambo moja, lakini hayakuwa moja. Taarifa ya tarehe 14 ilikuwa kauli ya maaskofu kwa taifa: ilionya, ilishauri, ilikosoa, wala haikumwamuru mtu kufanya lolote. Tangazo la tarehe 18 lilikuwa la askofu katika jimbo lake, likihusu fedha za parokia yake, na paroko hakuwa na la kujadili. Kwa upande mwingine, paroko wa Kisumu au Mombasa hakufungwa na tangazo hilo, maana askofu wake ni mwingine. Aliye na nguvu ya kuamuru huwa na eneo dogo, na wanaozungumza na nchi nzima huwa hawaamuru.

Baraza si serikali ya Kanisa

Jambo hilo la mwisho linahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, TEC, mara nyingi huchukuliwa kama wizara ambayo Rais wake ni bosi wa maaskofu wote na Katibu Mkuu ni kama katibu mkuu wa wizara. Sivyo. Linafanana zaidi na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wakulima huungana ili wauze pamoja, wajenge ghala pamoja na wasikike kwa pamoja; humchagua mwenyekiti miongoni mwao; lakini mwenyekiti huyo hana ruhusa ya kuingia katika shamba la mwenzake na kumpangia apogoe miti ipi. Kila mmoja anabaki na kihamba chake, yaani shamba lake.

Ndiyo maana Rais wa TEC hachaguliwi kwa ukubwa wa cheo. Mwaka 2024 maaskofu wa Tanzania walimchagua Askofu Wolfgang Pisa wa Lindi, jimbo ambalo si jimbo kuu, wakati nchi ina majimbo makuu 7 na wakati huohuo ina Kardinali anayeongoza jimbo, Protase Rugambwa wa Tabora. Kwa jicho la serikali, ambako kila kiti kina kiti cha juu yake, jambo hili linashangaza. Kwa jicho la Kanisa halina ajabu yoyote. Kardinali ni mshauri wa Papa na, akiwa hajafikisha miaka 80, ni mpiga kura wa kumchagua Papa mpya. Kardinali Rugambwa alikuwa miongoni mwa waliomchagua Leo XIV Mei 2025. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haimpi mamlaka ya kumwamuru Askofu wa Lindi wala wa Kigoma. Vivyo hivyo kwa Kongo: Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa anajulikana dunia nzima, lakini baraza la maaskofu wa nchi hiyo, CENCO, linaongozwa na Rais anayechaguliwa na maaskofu wenyewe, na mwaka 2024 walimchagua Askofu Mkuu Fulgence Muteba wa Lubumbashi.

Na Katibu Mkuu wa baraza? Yeye ni mtendaji. Huratibu idara, huandaa vikao, hueleza hadharani yale maaskofu waliyoamua. Kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana mbele ya kamera, lawama na sifa zote humwangukia. Katibu Mkuu wa TEC, Padre Charles Kitima, alishambuliwa na kujeruhiwa usiku wa tarehe 30 Aprili 2025 katika makao ya baraza huko Kurasini, Dar es Salaam. Nalitaja tukio hilo kwa uchungu, kwa kuwa linakumbusha kwamba suala la nani anasema kwa niaba ya nani si mchezo wa maneno.

Papa naye yuko wapi katika haya? Wapo wanaoamini kwamba kila tamko huandikwa Roma au hupitishwa na Balozi wa Papa kabla ya kusomwa. Balozi wa Papa (Tanzania na Vatikano zina uhusiano wa kidiplomasia tangu 1968) ana kazi mbili: kuwakilisha Papa kwa serikali na kuwa kiungo kati ya Papa na majimbo, ikiwamo kukusanya taarifa za mapadre wanaofikiriwa kuwa maaskofu. Hahariri matamko ya maaskofu kuhusu bandari, katiba au uchaguzi. Maaskofu wa nchi huandika wenyewe, juu ya nchi wanayoifahamu wenyewe, na wanawajibika kwa walichoandika.

Hapa kuna jambo dogo la kufaa kila siku. Matamko ya kughushi husambaa kwa wingi katika makundi ya WhatsApp, hasa nyakati za uchaguzi, yakiwa na nembo iliyonakiliwa vizuri. Tamko la kweli la baraza huwa na tarehe, huonyesha limetolewa na nani na limesainiwa na nani, na likikusudiwa waamini wote husomwa parokiani, kwa kawaida wakati wa matangazo. Kama paroko hana habari nalo, tulia kwanza kabla ya kulituma mbele.

Ndani ya tamko moja kuna uzito wa aina mbili

Sasa tufike kwenye swali gumu zaidi: maaskofu wakishasema, Mkatoliki amefungwa kiasi gani?

Fikiria daktari anayemwambia mgonjwa wa kisukari mambo mawili. La kwanza: sukari nyingi itakuumiza. La pili: kwa hali yako, naona uache ugali wa sembe, utumie wa dona badala yake. La kwanza ni elimu ya tiba yenyewe, daktari hakulitunga. La pili ni uamuzi wake baada ya kumpima mgonjwa huyu, siku hii, kwa vipimo alivyonavyo. Mgonjwa mwenye busara atalichukulia kwa uzito mkubwa, lakini daktari mwingine mwaminifu anaweza kuona tofauti kidogo bila kuikana elimu ya tiba.

Tamko la maaskofu kuhusu mambo ya nchi huwa na tabaka hizo mbili zikiwa zimesukwa pamoja. Tabaka la kwanza ni kanuni: utu wa kila mtu, uhai usiochezewa, rasilimali za nchi kuwa kwa manufaa ya wote, mtawala kuwajibika kwa wananchi. Hizi zinatoka katika Mafundisho Jamii ya Kanisa, na Mkatoliki hawezi kuzitupa na kubaki na dhamiri safi. Tabaka la pili ni hukumu juu ya jambo mahususi: kwamba makubaliano haya, yalivyoandikwa, hayatimizi kanuni hizo. Ili kufikia hukumu hiyo maaskofu hutegemea pia maarifa ya sheria, uchumi na takwimu, ambayo hayatokani na daraja takatifu, yaani upadre au uaskofu. Katika tabaka hili Mkatoliki anapaswa kusikiliza kwa heshima, kusoma, kupima, na hata kujiuliza kama kinachomzuia kukubali ni hoja au ni masilahi yake. Lakini akiishia kuona tofauti kwa nia njema, hajaiacha imani.

Haya si maoni yangu ya kulainisha mambo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo iliyotolewa Desemba 1965, uliwaambia walei, yaani waamini wasio makleri wala watawa, wasidhani kwamba wachungaji wao wana jibu tayari kwa kila tatizo linalotokea, ukakiri kwamba Wakristo wawili wenye dhamiri safi wanaweza kutofautiana katika suala lilelile, na ukakataza mtu yeyote kudai kwamba mamlaka ya Kanisa iko upande wa maoni yake peke yake. Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo II aliweka wazi zaidi mipaka ya mabaraza: baraza likitaka kutoa tamko la kimafundisho linalofunga, ama likubaliwe na maaskofu wanachama wote, ama lipate theluthi mbili ya kura na kisha lithibitishwe na Roma. Masharti hayo yanahusu mafundisho ya imani. Tamko kuhusu mkataba wa bandari halikudai kuwa fundisho la imani, wala halikuweka adhabu yoyote ya Kanisa kwa atakayeona tofauti.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba tabaka la pili ni la kupuuzwa. Maaskofu hupata habari za watu kutoka kila kona kupitia parokia, vigango (matawi ya parokia) na Jumuiya Ndogo Ndogo za waamini majirani, mtandao ambao taasisi chache nchini zinao. Wanapokubaliana wote juu ya jambo, baada ya kusikia manung'uniko na vilio vya Kagera, Mtwara na Rukwa, kuliondoa kwa maneno "hao si wanasheria" ni uvivu wa kufikiri.

Dini na siasa

Usemi wa "tusichanganye dini na siasa" huwa na nguvu kwa sababu neno "siasa" nalo lina maana mbili. Kuna siasa kwa maana ya namna tunavyoishi pamoja na kugawana kilicho chetu: maji, ardhi, kodi, haki mahakamani. Na kuna siasa kwa maana ya kushindania madaraka: vyama, kampeni, viti. Kanisa Katoliki linajipa nafasi katika ya kwanza na linawafungia makleri wake, yaani mashemasi, mapadre na maaskofu, mlango wa ya pili. Hati ileile ya 1965 inasema Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa kisiasa, lakini lina haki ya kutoa hukumu ya kimaadili hata kwa mambo ya utawala, pale haki za msingi za binadamu au wokovu wa roho unapodai hivyo. Sheria za Kanisa nazo zinawakataza makleri kushika ofisi za umma zenye kutumia mamlaka ya dola, na kuwa watendaji katika vyama vya siasa, isipokuwa kwa sababu nzito ambazo mamlaka ya Kanisa yenyewe imezipima.

Mpaka huu huonekana mtu anapouvuka. Dokta Willibrod Slaa alikuwa padre na Katibu Mkuu wa TEC. Aliacha upadre kabla ya kuwa mbunge wa Karatu na baadaye mgombea urais mwaka 2010. Huko Paraguay, Fernando Lugo, aliyekuwa askofu, aligombea urais na kushinda mwaka 2008. Roma ilikuwa imekwisha msimamisha huduma, na baada ya ushindi ikamwondolea hali ya ukleri. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kushika fimbo zote mbili.

Upande wa dola, Katiba ya Tanzania katika ibara ya 19 inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Inazuia serikali kuendesha dini. Haimnyang'anyi mwananchi haki ya kutoa maoni, inayolindwa na ibara ya 18, kwa sababu tu amevaa kanzu au msalaba. Tena katika maisha ya kawaida serikali na Kanisa hawako mbali kama usemi unavyodhani. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ya TEC na inaendeshwa kwa ubia na serikali, ikihudumia wagonjwa wa dini zote wa kanda nzima ya ziwa. Mwaka 1992 serikali ilisaini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu. Sioni mantiki ya kumwalika mtu asaidie kutibu wagonjwa, kisha kumkataza kusema kwa nini wanaugua.

Historia ya majirani inaonyesha sauti hiyo inaweza kufika wapi. Nchini Malawi, barua ya Kwaresima ya maaskofu iliyosomwa tarehe 8 Machi 1992 ilieleza waziwazi umaskini, hofu na ukosefu wa haki chini ya Rais Kamuzu Banda. Maaskofu walihojiwa na polisi, lakini mwaka uliofuata nchi ilipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Kongo maaskofu walifanya kazi ya aina nyingine: walisuluhisha serikali na upinzani hadi makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016, na katika uchaguzi wa 2018 walisambaza waangalizi wapatao 40,000, kisha wakasema matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na takwimu walizokusanya.

Kuna hofu moja katika suala hili ambayo naiona kuwa ya haki kabisa. Katika nchi yenye Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, tamko la dhehebu moja kubwa linaweza kusikika kama jaribio la dini moja kuielekeza nchi. Katika mjadala wa bandari hofu hiyo ilionekana wazi, na kwa huzuni baadhi ya watu waliacha kusoma hoja wakaanza kuhesabu nani ni wa dini gani. Dawa yake iko kwenye namna maaskofu wanavyoandika. Wakisema "tumeamua kwa sababu sisi ni maaskofu", Muislamu wa Tanga hana sababu ya kuwasikiliza. Wakizungumzia muda wa mkataba, mamlaka ya nchi juu ya mali yake na haki ya wananchi kushirikishwa, hizo ni hoja ambazo mtu yeyote anaweza kuzipima, kuzikubali au kuzipinga bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Masuala hayohayo yalikuwa yamekwisha jadiliwa na wanasheria na wananchi wa kila dini kabla maaskofu hawajaandika.

Tamko lile la Agosti halikuwa na uwezo wa kuzuia kalamu ya serikali, wala halikudai kuwa nao. Bunge lilikuwa limekwisha ridhia makubaliano mwezi Juni, na tarehe 22 Oktoba 2023 mikataba ya uendeshaji ilisainiwa Dodoma. Siku hiyo nayo ilikuwa Jumapili. Asubuhi, nchi nzima, Wakatoliki walioafiki na walioona tofauti na maaskofu wao walikuwa wamepanga mstari mmoja wa Komunyo.